Chumba cha Watu Watatu

Alhamisi ile Ezron Simbeye alitoka ofisini saa kumi na mbili kasorobo jioni. Akapenya katikati ya malori yaliyokuwa yamepanga foleni ya kuingia Zambia, akavuka barabara kwenda kwa Nesta kuchapisha karatasi moja.

Karatasi moja tu. Ilikuwa ya kuthibitisha chumba cha fungate: usiku sita katika hoteli ya Mwamba Mweupe, kisiwa kidogo upande wa Mafia, chumba kinachotazama bahari. Harusi yake na Violet ilikuwa imebakiza siku tisa. Mama yake Violet haamini kitu mpaka akishike mkononi, kwa hiyo Violet alikuwa ameomba karatasi ampelekee kijijini Iyula.

Nesta alikuwa anafunga duka.

"Kaka Ezron, umeniwahi. Nilishazima mashine."

"Ukurasa mmoja tu, dada yangu."

Nesta akaiwasha. Mashine ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaitema. Aliichukua kabla ya Ezron, akaitupia jicho, akatabasamu.

"Kumbe fungate mnaenda na mtoto? Sikujua Violet ana mtoto."

"Hana."

"Mbona imeandikwa? Watu wazima wawili, mtoto mmoja. Umri miaka minne."

Ezron akaipokea. Ndivyo ilivyoandikwa. Akafungua simu kutazama ujumbe wenyewe aliotumiwa na hoteli. Na kwenye simu pia ndivyo.

Alitaka kusema wamekosea. Lakini karatasi ile, iliyokuwa bado na joto la mashine, ilikuwa inanuka. Haikunuka wino. Ilinuka moshi wa samadi, ule unaowashwa zizini jioni kufukuza nzi, na chini yake, kwa mbali, samli.

"Na wewe unasikia?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nasikia nini, kaka?"

Ezron aliikunja karatasi mara nne, akatoka.

Miaka minne.

Hapo nyuma Ezron alikuwa na mke. Aliitwa Kabula, binti wa wafugaji wa bondeni Momba, msichana mrefu aliyecheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. Alipokuja Tunduma kuolewa hakuwa na makuu. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuiona bahari. Ziwa Rukwa alilijua, lakini alikuwa amesikia kwamba kuna maji ambayo ukisimama ukingoni ng'ambo haionekani kabisa, na jambo hilo lilimsumbua.

"Haionekani hata kama macho yako ni mazima?" alikuwa anauliza.

"Haionekani."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Mwaka wa kwanza malori yalikuwa mengi mpakani, na wakala wa forodha hawezi kuacha ofisi. Mwaka wa pili Kabula akapata mimba. Mimba ilipokomaa akaenda kwao kujifungulia kwa mama yake. Wakakubaliana kwa simu kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Nkwabi, na kwamba jina hilo lisitajwe kwa mtu yeyote mpaka mtoto azaliwe. Mtoto alizaliwa, hakulia. Kabula naye akamfuata kabla ya mapambazuko. Ezron alifika na gari saa tatu asubuhi, akakuta wote wawili wameshafunikwa shuka moja. Uso wa mkewe aliufunua. Ule mwingine mdogo, mkono wake ulikataa kuufunua, na hakuuona kamwe.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, alipopiga simu Mwamba Mweupe, alikuwa amejiandaa kusikia samahani ya makosa ya kompyuta. Alipokea dada wa mapokezi, mwenye sauti laini, akajitambulisha kuwa ni Rozi.

"Dada Rozi, kwenye chumba changu mmeandika mtoto. Mimi sina mtoto. Na tunakuja wiki ijayo, mimi na mchumba wangu."

Kurasa zikafunuliwa.

"Kaka Ezron… mbona mkeo ameshafika?"

"Nani?"

"Mkeo. Amekuja jana jioni kwa boti ya mwisho, yeye na mtoto. Hakuwa na kitambulisho, akasema mume anakuja nacho. Amekaa pale mchangani tangu asubuhi, anatazama maji. Chakula hajagusa, ila mtoto amekunywa maziwa." Rozi akashusha sauti, kama mtu anayemtetea mwenzake. "Usimkawize, kaka. Anaonekana amechoka kusubiri."

Ezron akashika ukingo wa meza.

"Mtoto… amesema anaitwa nani?"

"Ngoja nitazame hapa. Nkwabi."

Simu ikamponyoka, ikaanguka juu ya mafaili.

Jioni ile alimweleza Violet kila kitu, nyumbani kwa Violet, wamekaa katikati ya maboksi ya kadi na vitambaa vya harusi. Alitegemea atacheka, au atalia. Violet, ambaye alikuwa nesi na ameona watu wengi wakiaga dunia, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainusa ile karatasi, akaiweka chini polepole.

"Mimi nilitaka twende Matema," akasema. "Ziwani pale, karibu. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania bahari. Unakumbuka ulivyoniambia siku unaweka chumba? Ulisema, 'Ataipenda.' Nikafikiri ulimi umeteleza."

Ezron akainamisha kichwa.

"Siku ile Kabula alipokuwa na uchungu," Violet akauliza, "ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anisubiri."

"Basi?"

"Nilimwambia niko njiani. Sikuwa njiani, Violet. Nilikuwa ofisini. Kulikuwa na magari manne hayajatoka. Nikasema nikimaliza haya nitakimbiza gari usiku, nitafidia. Akapiga mara ya pili, akauliza, 'Umefika wapi?' Nikamtajia kijiji cha nusu ya safari. Bado nilikuwa kwenye kiti kilekile cha ofisi."

Violet hakumshika mkono. Hakuondoka pia. Akasema, "Kesho twende kwa mama yake Kabula. Twende wote."

Jumamosi waliteremka bondeni. Joto, vumbi, mbuga zilizokauka. Mama Kabula aliwapokea chini ya upenu wa nyumba, akaitikia shikamoo zao, akawapa viti na maji ya kunywa. Alimtazama Violet mara moja tu, bila chuki, kisha macho yake yakarudi kwa Ezron na kubaki pale.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya Kabula," Ezron akaanza. "Anaonekana mahali. Yeye na mtoto."

"Najua."

Alisema hivyo tu, huku anapepea nzi.

"Alhamisi mchana alipita hapa kuaga," akaendelea. "Sikumwona. Nilisikia lango la zizi linafunguliwa, ng'ombe wote wakasimama wakatazama upande mmoja. Nikasikia harufu yake. Nikasema, sasa huyu anakwenda wapi?"

Ezron akaweka kikombe cha maji chini.

"Mkwe, kuna neno sijakuambia miaka hii yote. Siku ya mazishi ulikuwa unalia, nikaona nisikuongezee. Lakini leo umekuja mwenyewe." Aliacha kupepea. "Bodaboda ilikuwepo. Lusungu wa jirani aliileta hapa mlangoni, imewashwa, saa mbili za usiku. Zahanati unaijua, ni nusu saa tu. Kabula alikataa kupanda. Alisema, 'Mume wangu yuko njiani na gari. Ameniambia nimsubiri.' Tulimbembeleza mpaka Lusungu akazima pikipiki. Alisubiri, mkwe wangu. Aliposhindwa kusema, alikuwa anaonyesha barabara kwa kidole."



Zizini ndama mmoja alilia, akanyamaza.

"Ulimwambia asubiri," Mama Kabula akasema. "Nani amemwambia aache?"

Waliondoka jua limeanza kulegea. Violet ndiye aliyeshika usukani. Siku hiyo huko bondeni mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Walipopanda mlima na kufika kwenye kona ya juu, ile ambayo mtu akigeuka huliona bonde lote, simu ikaita yenyewe.

Mwamba Mweupe.

Violet akasimamisha gari, akazima injini.

"Kaka Ezron," Rozi alinong'ona. "Mkeo ameomba simu. Ni mara ya kwanza kuongea tangu juzi. Nampa."

Upepo ukasikika. Maji yakasikika, lakini mbali sana. Halafu, ndani ya gari lililofungwa vioo, ile harufu ikaingia… moshi wa samadi, samli. Violet aliziba mdomo kwa mkono. Na yeye alikuwa ameisikia.

"Baba Nkwabi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Hakukuwa na muda.

"Kabula."

"Kumbe ni kweli," sauti ikasema taratibu. "Ng'ambo haionekani."

Ezron alikuwa analia bila kujua.

"Umefika wapi?"

Ni swali lilelile. Angeweza kujibu kama alivyojibu zamani. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, jepesi: niko njiani. Akamtazama Violet. Violet alikuwa anatazama mbele, machozi yanamtiririka, hamsaidii wala hamzuii.

"Sijafika popote, mama Nkwabi," akasema. "Siku ile nilikudanganya. Sikuwa njiani. Nilikuwa ofisini. Bodaboda ilikuja ukaikataa kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa bado nimekaa. Nisamehe. Siji… hata huko siji. Usinisubiri tena."





Kisha kwa chini, karibu kabisa na simu, sauti nyembamba ya mtoto ikauliza:

"Ni baba?"

Hakuna aliyemjibu mtoto.

"Haya," Kabula akasema.

Haya. Basi. Hakuna laana, hakuna kilio. Neno ambalo mtu huliitikia anapoambiwa sukari imekwisha. Ezron angepewa kuchagua, angechagua matusi.

Simu iliwekwa juu ya kitu kigumu. Hatua zikaondoka mchangani. Muda kidogo baadaye Rozi akaichukua, anahema.

"Kaka, mmegombana? Amemshika mtoto mkono wanaondoka. Maji yamekupwa, wanatembea moja kwa moja kuelekea ndani. Mbona hageuki? Dada! Dada, rudi, maji yanajaa huko!"

Simu ikakatika.

Harusi ilifungwa siku yake, kanisani, watu wachache. Mchungaji aliambiwa kwamba Ezron ni mgonjwa, na ukimtazama usingebisha. Kisiwani hawakwenda. Hata Matema hawakwenda. Walikaa ndani, wakila kidogo na kuongea kidogo, na usiku Violet alikuwa anamwamsha kila alipomsikia anasema "nakuja, nakuja" usingizini.

Jumanne baada ya harusi Rozi alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema wametafuta siku kumi. Wavuvi wametafuta, wapiga mbizi wametafuta. Siku ile walifuata nyayo mchangani, za mtu mzima na za mtoto, ubavu kwa ubavu, mpaka pale maji yalipokuwa yameanza kurudi. Baada ya hapo, hakuna. Wala nguo, wala kandambili. Sasa walihitaji picha zao, zibandikwe vijiji vya pwani.

Ezron angeweza kumwambia ukweli. Alifikiri, akaona hakuna namna ya kuusema ukaingia kichwani mwa mtu aliyemnywesha mtoto yule maziwa kwa mkono wake. Akatuma picha ya Kabula, ile iliyowekwa kwenye ratiba ya mazishi, baada ya kukata maandishi ya chini.

Jibu lilikuja papo hapo. "Ndiye huyu. Hata hiyo blauzi ndiyo aliyokuja nayo. Pole sana kaka. Tutumie na ya mtoto."

Alikaa na simu mkononi. Violet alikuja akaketi kando yake, akausoma ujumbe, akaelewa. Akaichukua simu, akapiga mwenyewe na kuiweka kwenye spika.

"Dada Rozi, mimi ni Violet, ndugu wa karibu. Picha ya mtoto hatuna. Hakuna aliyewahi kumpiga."

"Hata moja? Miaka yote minne?"

"Hata moja. Wewe ndiye uliyemwona. Tueleze tu alivyo."

Rozi akavuta pumzi, kama mtu anayefumba macho akumbuke.

"Ni mrefu kwa umri wake. Mwembamba. Meno ya mbele yana mwanya. Akicheka anaziba mdomo na kiganja, kama mama yake. Alikuwa haogopi maji, ila mchanga wa mchana ulikuwa unamuunguza, anatembea kwa vidole. Kila boti ikija anakimbilia gatini. Na juu ya jicho hapa ana kovu dogo, sijui aliumia lini…"

Ezron akasogea mbele mpaka paji la uso likakaribia kugusa simu.

"Jicho gani?" akauliza. "Dada, tafadhali. Jicho la upande gani?"