Sura Iliyogandishwa kwa Gundi

Ndugu zangu, nyumba ya fundi wa kujalidi vitabu ilikuwa tulivu mno. Baba hakuinuka mezani pake, binti yake mkubwa alimsaidia kupaka gundi, na mdogo mtu, wa miaka tisa, alichezea vipande vya karatasi sakafuni.

Kisha shuleni kukazuka mzozo. Kitabu kimoja cha hadithi kilikuwa na sura ya mtoto anayefanyiwa maovu na ndugu wa nyumbani. Wazazi wengine walitaka kichomwe, wengine kibaki. Kamati ikakata shauri: kibaki, ila sura hiyo igandishwe kwa gundi. Kazi akapewa fundi, naye akaifanya kwa moyo mmoja.

"Uchafu mtupu huu," alisema.

"Baba, humo kuna nini?" mdogo mtu akauliza.

Akazabwa kofi. Mjomba wao, aliyelala chumba cha uani, akamsifu shemeji yake kwa malezi bora. Hebu fikirini!

Binti mkubwa alimwamini baba yake. Darasani akawa hapikiki chungu kimoja na jirani yake wa dawati, mtoto wa muuguzi, aliyekitetea kitabu hadharani.

"Kwani umekisoma?" mtoto wa muuguzi alimuuliza.

"Sumu haionjwi."

"Basi tukisome pamoja. Ukiona bado ni uchafu, sitakubishia tena."

"Na ukinishinda wewe?"

"Utaninunulia soda."

Wakajikuta wanacheka, mara ya kwanza tangu mzozo uanze. Binti alijua gundi ya baba yake haistahimili mvuke. Wakakiazima kitabu, wakakishikilia juu ya birika la chai la mlinzi wa shule, kurasa zikaachia moja moja.

Walisoma kwa zamu. Mtoto wa kitabuni aliacha kula kila mtu fulani alipoingia. Alikojoa kitandani. Aliambiwa hakuna atakayemsadiki. Binti akakiweka kitabu chini.

"Huyu ni mdogo wangu, kila mjomba anapoingia," alisema.

Mwenzake hakumwambia "si nilikuambia?" Alimshika mkono, wakakimbia hadi kwa mama yake, muuguzi.

Mjomba alikamatwa jioni ile. Lakini daktari alisema mambo hayo yalikuwa ya muda mrefu, na mtoto ameumia mwili na akili. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda cha mtoto hospitalini.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ulisema ni uchafu," mtoto akajibu, macho ukutani. "Nikajua mchafu ni mimi."

Tangu siku hiyo hajamwita tena baba.

FUNZO

Wazazi, sisemi kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Hata wale vijana wawili bado wanabishana: mmoja anaona kitabu kile kina maneno makali mno, mwingine hakubali. Lakini walikaa, wakasoma, wakasikilizana, na ndiyo maana mtoto akaokolewa. Sisi watu wazima tulipiga kelele juu ya kitabu tusichokisoma, tukamnyamazisha mtoto aliyeuliza. Mtoto akiuliza, msikilizeni kwanza. Mkimfunga mdomo, anayemdhuru ndiye mnayemsaidia.