Milimita Kumi na Nane

Mhadhiri alikuwa amelala kifudifudi ndani ya uzio wa kituo cha mvua, miwani imepasuka chini ya shavu, kiatu kimoja kimemtoka. Hatua mbili kutoka kichwani pake, kipimamvua kilisimama juu ya nguzo yake kana kwamba hayo hayakukihusu.

Inspekta alichuchumaa, akatazama bila kugusa. Kwenye kituo cha polisi walimpachika jina la Taratibu. Walisema mama huyu hata nyumba ikiungua, kwanza angefunga mlango.

"Nani kamwona wa kwanza?"

"Mama muuza maziwa, afande," alijibu sajini. "Saa nne hii. Anakata njia hapa kila siku."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa akivua glavu. "Pigo moja la kisogoni. Kitu cha chuma, kizito. Mwili umeshakakamaa wote. Huyu kafa jana jioni, na aliyempiga alikuwa nyuma yake."

Kutoka pale juu wilaya nzima ilionekana. Mashamba ya viazi yalishuka mlima ngazi kwa ngazi hadi mtoni, barabara ya magari ya maziwa ikajipinda kando yake, na chini kabisa ukatandaa mji wa chuo kikuu na mabati yake mekundu. Katikati ya ukijani huo palikuwa na kovu la udongo mtupu. Miezi kumi na minne nyuma mlima ulikatika pale, ukafukia nyumba kumi na sita. Katika mojawapo alikuwamo mama yake Inspekta, fundi cherehani. Walichimba siku nane, hawakumpata. Tangu hapo kila mtu alimwambia ni kazi ya Mungu, na Inspekta alikuwa amechoka kuitikia.

"Piga simu ofisi ya wilaya," alisema. "Uliza kituo hiki kimeripoti mvua kiasi gani leo."

Sajini alipiga, akasikiliza, akakunja uso. "Milimita ishirini na tatu. Ujumbe umeingia saa tatu kamili, kwa simu ya Mzee wa Mvua, mpimaji wa kituo hiki, kama kila siku."

"Saa tatu. Maiti ipo hapa tangu jana. Mzee kapima mvua, karuka maiti, kaenda zake?"

"Labda macho hayaoni vizuri."

"Milimita kaziona, mtu hakumwona?"

Inspekta alikizunguka kipimamvua. Ukingoni palikuwa na mikwaruzo mipya ya chuma, kutu imemeng'enyuka. Alijaribu kufungua kifuniko, kiligoma. Sajini alikishika kwa mikono miwili, akakaza meno mpaka kikalia na kuachia. Chupa iliyokuwa ndani ilijaa hadi shingoni. Maji yalikuwa ya kijani, na viluwiluwi vya mbu vilicheza ndani yake bila wasiwasi.

"Chupa hii humwagwa lini?" aliuliza Inspekta.

"Kila asubuhi, baada ya kupima. Ndiyo sheria ya kazi."

"Basi hawa mbu wamezaliwa leo na wamekua haraka sana."

Sajini alitaka kucheka, akaona uso wa mkubwa wake, akaacha.

Chumba cha mhadhiri chuoni kilikuwa kidogo, vitabu mpaka dirishani. Katibu wa idara aliwafungulia huku akifuta machozi kwa kiganja.

"Alikuwa anaandika kitabu cha wilaya yetu," alisema. "Mito, viazi, maziwa, shule, chuo, kila kitu. Sura zote zimekwisha isipokuwa ya mvua. Hiyo kaifuta mara tatu. Jana mchana kachukua spana kwa fundi bomba wetu. Namuuliza, profesa, spana ya nini? Akasema anapanda kituoni kumwonyesha mtu kutu."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Alikuwa na huzuni, afande. Mtu anayeenda kugombana hana sura ile."

Juu ya meza palikuwa na karatasi moja yenye safu mbili: kituo cha juu, na kituo cha ng'ambo ya mlima. Tarehe zilikuwa za siku tatu kabla ya maporomoko. Ng'ambo: tisini na sita, mia na kumi, mia na thelathini na moja. Hapa: kumi na nane, kumi na tano, ishirini. Chini mhadhiri aliandika kwa penseli: "Ni lazima familia kumi na sita zijue. Apewe nafasi aseme mwenyewe kwanza."

Inspekta aliketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa. Kila mtu wa bonde lile aliijua kanuni. Mvua ya siku tatu ikivuka mia na hamsini, king'ora kinalia, na watu wa juu wanashuka kulala katika ukumbi wa chuo. Walikuwa wamefanya mazoezi mara mbili, na mama yake alilalamika kwamba mikeka ya chuo ina kunguni. Siku ile king'ora hakikulia.

"Afande," sajini alisema polepole, "kesi hii mpe mtu mwingine."

"Nitampa. Kwanza nataka kusikia kwa masikio yangu."

Nyumbani kwake, Mzee wa Mvua alikaa chini ya hati ya pongezi iliyotundikwa ukutani, goti lake limefungwa bendeji. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa akimenya viazi mlangoni. Hakuinua macho walipoingia.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee. "Pole na kazi. Marehemu mama yako ndiye aliyenishonea hili koti."

"Shikamoo, baba. Nani alipima mvua leo?"

"Mimi."

"Kwa goti hilo?"

"Napanda hivyo hivyo. Pole pole."

"Jana mhadhiri alipanda na spana. Haipo. Tunaitafuta, ina damu."

Kisu cha binti kilisimama. Mzee alimtazama mwanawe, kisha mabega yakamshuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Usisumbuke," alisema. "Nilimpiga mimi. Alinitukana."

"Ulimpigia wapi?"

"Pale pale ndani ya uzio. Chini ya ule mkaratusi mkubwa."

Inspekta alivuta pumzi. "Mkaratusi ule ulikwenda na maporomoko, baba. Hujafika kule zaidi ya mwaka."

Mzee alijaribu kuinuka, goti likamrudisha chini.

"Mwacheni baba," binti alisema. Alikiweka kisu juu ya maganda. "Ni mimi."

"Hulazimiki kusema lolote," Inspekta alimwonya. "Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Liandikwe. Spana iko ndani ya pipa la maji, nyuma." Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba alipoumia, kazi nilichukua mimi kwa siri, asinyang'anywe. Mwanzoni nilipanda kila asubuhi. Kisha nikaona hakuna anayeuliza. Nikawa nasikiliza bati. Likilia kidogo, kumi. Likilia sana, ishirini."

"Na zile siku tatu?"

"Huku chini ilikuwa manyunyu. Nilikuwa nasomea mtihani wa kuingia chuo. Nikasema kupanda na kushuka ni saa nzima ya kusoma." Alimeza mate. "Nilifaulu."

Mzee alijifunika uso kwa koti lake.

"Mhadhiri alisemaje?"

"Alisema niwaambie wafiwa mwenyewe, yeye atasimama kando yangu. Nikamwomba angoje nimalize masomo. Akasema watu wale wamengoja vya kutosha. Akainama kufungua chombo, akashindwa, akaweka spana chini apumue. Nikaiokota. Niliona kila kitu changu kinakwenda, dada. Sikuona mtu."

"Halafu asubuhi ukatuma ishirini na tatu."

"Mkono umezoea."

Hapo Inspekta, aliyeishi miezi kumi na minne akimlaumu Mungu, alimtazama msichana huyu mwenye wanga wa viazi vidoleni. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kulia, na lililomshinda ni hilo la pili. Alifunga daftari lake na kumkabidhi sajini pamoja na kalamu.

"Endelea wewe. Kuanzia sasa mimi si mpelelezi wa kesi hii."

"Sawa, afande." Sajini alifungua ukurasa mpya, akasita. "Na wewe nikuandike kama nani?"

"Mfiwa," alisema Inspekta. "Nyumba ya tisa kutoka juu. Mtoto wa fundi cherehani."