Ahorita ya Barahona

"Yudelka, vyombo!"

"Ahorita, Mama!"

Nyumba yao ya Barahona, mji wa pwani kisiwani, ilianza siku kwa maneno hayo. Fiordaliza, mama mtu, alikuwa akiponda ndizi za kifungua kinywa, na binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa amejilaza akichora. Mtu wa Barahona akisema ahorita, maana yake ni baadaye, na baadaye ya Yudelka haikuwahi kufika.

"Hiyo ahorita yako itaota ndevu," mama alisema. "Haya, vaa. Si mna mgeni shuleni leo?"

Mgeni alikuwa Bi Itzel kutoka Meksiko, mkuu wa usanifu wa tovuti katika shirika la kimataifa la watoto. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa ili mtoto yeyote azitumie bila kupotea. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa watoto wanaopatwa na shida wakati wa vimbunga. Mtoto anaandika swali, na mtu mzima aliyeko ofisini anamjibu.

"Kesho tunaufungua kwa kisiwa kizima," aliwaambia wanafunzi sita katika chumba cha kompyuta. "Leo ninyi ndio walimu wangu. Ulizeni jambo la kweli, nanyi mtajibiwa kweli."

Yudelka hakuhitaji kufikiri. Kimbunga cha mwaka uliopita kiliwakuta wamejihifadhi katika ukumbi wa shule. Dawa ya pumu ya mdogo wake Yeuri ililowa, na Yudelka akazunguka usiku kucha akiwauliza watu wazima, kila mmoja akimsukumia kwa mwingine. Kwa hiyo aliandika: "Mdogo wangu anabanwa na kifua. Dawa imelowa. Nimwambie nani?"

Alibonyeza kitufe. Yakatokea maneno: "Asante. Tutakujibu ahorita."

Basi akaufunga ukurasa, akaenda dirishani kupiga soga na wenzake.

"Mmepata majibu?" Bi Itzel aliuliza baadaye.

Wote waliitikia kwa vichwa. Yudelka hakutaka kuonekana mjinga mbele ya mgeni, akapaza sauti kuliko wote: "Ndiyo, Bi, tena mazuri sana!"

Bi Itzel alifurahi mno. Aliwapigia makofi, akaanza kufunga mizigo.

Huko uani Yudelka alimuuliza rafiki yake Wilfrin, "Wewe ulijibiwa nini?"

"Nijibiwe saa ngapi? Si walisema ahorita? Nitachungulia kesho."

"Mbona ulisema umejibiwa?"

"Mbona wewe ulisema mazuri sana?" Wilfrin alicheka. "Bingwa wa uongo!"

Yudelka hakucheka. Akilini alimwona mtoto mwingine katika ukumbi mwingine, mdogo wake anahema, naye anaufunga ukurasa kwa sababu ameambiwa asubiri hadi baadaye. Gari la Bi Itzel lilikuwa tayari linanguruma langoni.

"Usiende! Utatuumbua sote!" Wilfrin alimshika mkono.

"Bora tuumbuke," alisema, akajichomoa na kukimbia hadi mbele ya gari. Dereva alikanyaga breki akifoka.

"Bi Itzel, nilidanganya! Sikupata jibu lolote. Niliufunga ukurasa."

Bi Itzel alishuka. "Kwa nini uliufunga, mwanangu?"

"Ulisema ahorita."

"Ndiyo. Sasa hivi."

"Sasa hivi? Bi, ahorita ni baadaye! Muulize hata mama yangu!"

"Kwetu mtu akisema ahorita, yuko njiani anakuja," Bi Itzel alisema polepole. Hapo hapo alitoa kompyuta yake na kutafuta swali la Yudelka. Chini yake palikuwa na majibu matatu ambayo hakuna aliyeyasoma.

"Niko hapa. Mdogo wako anaweza kuzungumza?"

"Bado upo? Mkalishe wima. Niambie mko wapi."

"Tafadhali nijibu. Nakusubiri."

Yudelka aliyasoma huku machozi yakimtoka. Usiku ule wa kimbunga angetoa chochote apate maneno kama hayo. "Kumbe mtu alikuwepo," alisema.

"Alikuwepo. Neno langu ndilo lililokufukuza," Bi Itzel alijibu. "Nami niliridhika na ndiyo zenu, sikufungua hata ukurasa mmoja. Turudi ndani. Hatutoki mpaka kieleweke."

Waliwaita wenzao, na Wilfrin aliingia akiangalia vidole vya miguu yake. Walibishana, wakafuta, wakaandika upya, kila neno likipimwa na watoto. Mwishowe ukurasa ulisema: "Usiondoke. Mtu anakuandikia sasa." Walipojaribu tena, hakuna aliyesogea kitini, na wote sita walijibiwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bi Itzel aliwaambia. "Mkiniambia kazi yangu ni nzuri nami nimekosea, mtoto mwenye shida ndiye atakayeumia. Yudelka ameona aibu ya dakika moja ili mwingine asikose msaada. Semeni kweli, hata kama mgeni anatabasamu."

Jioni sauti ilitoka jikoni. "Yudelka, vyombo!"

"Ahori..." Alijikatiza, akainuka. "Nakuja, Mama. Na vya asubuhi bado sijaviosha, nilivificha chini ya meza."

Fiordaliza aliinama, akachungulia, kisha akamtupia kitambaa. "Kuficha hakuoshi sahani, mwanangu," alisema. "Lakini aliyesema kweli ameshaanza kuosha."