Plagi Tatu za Kwikwi

Gari la Mama Pindo lilikuwa dogo, la buluu, na lilikuwa na kwikwi. Asubuhi lilikohoa kabla ya kuwaka. Likipanda kilima cha sokoni lilishtuka, likakata pumzi, likashtuka tena. Basi mtaa mzima ukaliita Kwikwi. Hata mumewe aliliita hivyo, tena akiwa amepanda ndani yake.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Gari alilipata kwa jasho lake, kwa kushona mapazia na sare za shule. Kuchekwa hakukumnyima usingizi.

Lakini leo hakuwa na mzaha. Binti yake alikuwa hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mama Pindo alikuwa amemwahidi binti huyo, "Siku mkiruhusiwa, mjukuu wangu atakuja nyumbani kwa gari la bibi yake." Sasa mtoto amenenepa, na simu imepigwa: alasiri waje wawachukue. Na jana Kwikwi lilizimika njiani mara mbili.

"Nimwite dada?" mumewe aliuliza. Dada yake alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa mtaa wa pili.

"Wifi yangu? Anicheke mpaka huyo mjukuu aoe? Nitabadilisha plagi mwenyewe. Nimemwona akifanya. Ni kufungua na kufunga tu."

Plagi ni kifaa kidogo kinachotoa cheche ndani ya injini. Cheche huwasha petroli, gari likaenda. Plagi ikichakaa, cheche hukatikakatika, na gari hushtukashtuka. Hapo Mama Pindo hakukosea. Alikosea dukani.

"Gari gani, mama?" muuzaji alimwuliza. "Una plagi ya zamani tuilinganishe?"

"Gari dogo, la buluu," alijibu, na macho yake tayari yalikuwa kwenye rafu. Akachagua tatu zilizokuwa ndefu kuliko nyingine na zenye kung'aa zaidi. Ndefu itatoa cheche kubwa, alijiambia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ilipofika adhuhuri alikuwa amezifunga zote. Akaketi kwenye usukani, akaingiza ufunguo.

"Wifi, usiwashe kabla sijaziona hizo plagi."

Wifi yake alikuwa amesimama getini na ovaroli yake, akihema, sanduku la spana mkononi. Mume alikuwa akianika nepi. Ghafla akaona nepi moja inahitaji kunyooshwa sana.

"Nani amekuita?" Mama Pindo aliuliza.

"Sijaitwa. Nilikuwa napita."

"Na sanduku la spana?"

"Nalo lilikuwa linapita."

Wifi akainua boneti, akafungua plagi moja, akailaza kiganjani kando ya ile ya zamani. Mpya ilizidi kwa urefu, kama upana wa ukucha.

"Unaona? Ndani kuna pistoni, inapanda na kushuka kwa kasi. Ungewasha, ingeigonga plagi hii. Ingevunjika plagi, pengine na injini ikafa. Leo hospitali usingefika."

Mama Pindo aliichukua ile plagi ndefu mkononi. Aliogopa kwelikweli. "Nimeiharibu siku ya mjukuu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujaharibu, hujawasha. Hebu niambie, mteja akileta hariri, unatia sindano gani?"

"Nyembamba."

"Na jinzi?"

"Nene. Namba kumi na sita."

"Na ukitia sindano ndefu kuliko inayotakiwa na cherehani yako?"

"Itagonga chini ivunj..." Mama Pindo akaitazama tena ile plagi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Na mimi ndiye ninayewagombeza wanafunzi wangu kwa kuchagua sindano kwa kung'aa."

Wifi akamwonyesha namba iliyoandikwa kwenye sehemu nyeupe ya plagi ya zamani. "Plagi nazo zina namba. Namba inabeba urefu, unene, na joto ambalo plagi inalimudu. Lakini usiiamini hii peke yake. Aliyekuuzia gari huenda naye alichagua kwa macho. Kitabu cha gari kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya futi ya kupimia nguo na vipande vya chaki. Namba zikalingana.

"Ila katika zile za zamani, moja tu ndiyo nyeusi," Mama Pindo alisema. "Nyingine si bado nzima?"

"Badilisha zote. Zilianza kazi siku moja, zitachoka pamoja."

Wakarudi dukani. Safari hii Mama Pindo alitaja namba kabla hata ya kusalimiwa. Wifi akakagua kama pakiti hazijafunguliwa na kama maandishi hayajafifia, maana za bandia zipo.

Nyumbani wifi alipima mwanya mdogo kwenye ncha, mahali cheche inaporukia, akaona uko sawa na kitabu. Kisha akatia mikono mfukoni. "Funga wewe. Injini imepoa, ni salama. Anza kwa vidole. Ikikataa, usilazimishe, itoe uanze upya. Spana ni ya mwisho, na ukaze kwa kiasi."

Mama Pindo akafunga polepole. Akarudisha kila waya mahali pake. Akawasha.

Mume akasogeza sikio. "Limezimika?"

"Linanguruma, baba. Ndivyo magari ya wenzetu yanavyofanya."

Alasiri waliondoka hospitali, mume mbele, binti na shangazi yake nyuma, mtoto ndani ya blanketi. Walipofika kilima cha sokoni, wauzaji waligeuka kutazama, wakisubiri kicheko chao cha kila siku. Gari likaanza kupanda.

Kwik.

Mama Pindo alishtuka. Kwik, ikaja tena. Akaushika usukani kwa nguvu.

"Endesha, wifi," sauti ilitoka nyuma, ikijizuia kucheka. "Huyu ni mjukuu wako. Ameshiba maziwa."

Gari zima likaangua kicheko. Mama Pindo alicheka na machozi yakamtoka, ya furaha tupu. Akakanyaga mafuta taratibu. Gari likapanda kilima bila kushtuka hata kidogo, na kwikwi pekee iliyosikika ilikuwa ya mgeni anayepelekwa nyumbani.