Treni Iliyoogeshwa

Mwanaume akitumwa kununua poda huwa na haraka. Anataja jina la rangi aliloambiwa na mke wake, analipa, anatoweka kabla rafiki yake yeyote hajamwona. Lakini kijana wa asubuhi ile, katika soko kubwa la katikati ya Lubumbashi, hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa amejipanga mbele ya meza ya vipodozi, akifungua kopo moja baada ya jingine, anachovya kidole, anajipaka mgongoni mwa mkono, kisha anauinua mkono juani na kuutazama kwa jicho moja. Waliobeba magunia ya unga walimpigia kelele apishe njia, yeye wala.

Nyuma yake alisimama Abigaïl Ntumba, mpamba mabibi harusi, mwenye saluni ndogo huko mjini. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa sawasawa, na uvumilivu wake ulikuwa umekwisha.

"Yaya, kaka yangu, unatafuta poudre ya nani?" akauliza. "Kama ni ya madame yako, uniambie namna sura yake iko, nikusaidie. Shiye bengine tuko na kazi."

Kijana akageuka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kikang'aa, shati jeupe limepigwa pasi, lakini vidole vilijaa michirizi ya rangi ya kutu na matofali.

"Sina madame."

"Basi ni ya dada yako."

"Hapana. Ni ya muzee moya. Jua na mvua bimemutesa, ngozi yote imeharibika."

"Maskini! Kama ni vile, wacha hii ya matofali. Itamufanya aonekane muzee zaidi."

"Ndiyo, njo vile nataka," akasema kijana, kwa uso mkavu kabisa.

Abigaïl alicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Alitaka kukasirika kwa kupotezewa wakati, ikamshinda. Kijana alinunua kopo la rangi ya matofali ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulitaka, akasema jina lake ni Floribert, akaomba namba ya simu ili, alisema, amjulishe hali ya mzee. Naye akampa. Tusimlaumu, maana macho ya yule kijana yalikuwa mazuri na yeye mwenyewe aliyajua hayo.

Mzee hakutajwa tena. Walikuwa na mengine ya kuzungumza. Floribert alitengeneza maketi, vielelezo vidogo vya nyumba, kwa wanafunzi wa ujenzi wa chuo cha Kasapa, na mchana alikuwa akimpigia Abigaïl simu kumwuliza bibi harusi wa leo amelia au hajalia.

"Amelia mara mbili, chéri. Nimemupaka upya mara mbili."

"Na weye, siku yako utalia?"

"Nani amekuambia nitakuwa na siku yangu?"

"Mimi njo nakuambia."

Walikula bukari, ugali wa huko, na samaki wa kukaanga, wakagombania kichwa cha samaki, wakapendana. Wakati baridi ya miezi isiyo na mvua ilipoingia, Mama Hortense, mamake Abigaïl, alikuwa ameshaanza kuuliza swali moja kila jioni: "Bazazi ya Floribert batakuya lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Floribert alikuwa na mzazi mmoja tu aliyebaki, Papa Casimir, mzee wa reli aliyestaafu. Maisha yake yote alikuwa amekagua mabehewa ya mizigo, akigonga magurudumu kwa nyundo na kutega sikio kusikia kama kuna ufa. Na huyo mzee alikuwa haelewi kwa nini mwanawe, akimaliza maketi za watu, anajifungia katika chumba cha nyuma ya nyumba yao huko Naviundu na kuunda treni ndogo kwa mabati ya makopo ya maziwa.

"Niende kwa bantu kuomba binti yabo," Papa Casimir alisema, "na bakiniuliza kijana anafanyaka nini, niseme nini? Anacheza?"

"Papa, uangalie mbele. Kiisha utasema."

Mzee alikubali kuangalia kwanza, Jumapili baada ya Misa, ndipo aseme. Floribert alimweleza Abigaïl yote hayo, wakicheka, ingawa wote wawili walijua si jambo la kuchekesha. Bila Papa Casimir kwenda kwa Mama Hortense, ndoa haipo. Abigaïl alikuwa ameshayaona mabehewa yenyewe, mekundu, laini, yanang'aa kama kucha zilizopakwa sasa hivi, akayapenda sana. Alikuwa na hakika mzee atayapenda.

Ijumaa simu ililia.

"Chérie, kesho uniletee laque ya kupuliza, ile ya salon."

"Laque ya nywele? Na hauna nywele hata moya?"

"Usiulize. Ni surprise."

"Weye na masurprise yako! Siku moya itakukamata weye mwenyewe."

Jumamosi Abigaïl alifika Naviundu na kopo la laque mkobani. Papa Casimir alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa jumuiya ya kanisa, na Floribert alikuwa ameitwa mbio Kasapa na mwanafunzi aliyekalia maketi yake. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa tu. Abigaïl akausukuma, akashika mdomo.

Mabehewa yalikuwa machafu! Vumbi limejaa huku chini kwenye magurudumu, michirizi ya kahawia inashuka ubavuni, madoa ya kijani milangoni, weusi juu. Dirisha lilikuwa wazi, na huko nje pikipiki zilikuwa zikitimua udongo mwekundu wa barabara. Abigaïl akamhurumia mpenzi wake kwa moyo wake wote. Kazi yote ile, na kesho mzee anakuja kutazama! Katika familia yao mtu haonyeshi wakwe hata sahani yenye doa.

Akavua pete yake ya urembo, akakunja mikono ya gauni, akajaza beseni pale bombani. Aliyaogesha mabehewa moja moja kwa sabuni na kitambaa laini, akiimba wimbo wa kwaya, akayapanga juani yakauke. Yalirudia wekundu wake. Yalipendeza kweli.

Floribert aliingia uani akitweta, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimeyaogesha, chéri! Vumbi ya hapa kwenu ilikuwa imeyakula."

Alichuchumaa, akainua behewa moja, akaligeuza, akalitazama lile bati safi. Maji yalimdondokea viatuni.

"Siyo vumbi ya hapa kwetu," akasema polepole. "Niliiweka. Poudre, chaki, udongo. Niliiweka doa kwa doa. Ilibakia laque tu, ili ikamate."

"Uliweka buchafu? Juu ya sababu gani?"

"Juu Papa anione! Yee hajaona wagon safi hata siku moya!" Kisha akatamka lile ambalo angelipenda kulimeza: "Lakini weye kazi yako ni kufunika sura za bantu, kila kintu iangae. Kintu yenye imeishi, hauwezi kuiona."

Abigaïl alivaa pete yake. Alitoa laque mkobani, akaiweka ukingoni mwa bomba.

"Kama ulikuwa unataka niione, ungeniambia," akasema, akaenda zake. Machozi yalimtoka barabarani, na hakuwepo mtu wa kumpaka upya.

Jumapili Floribert alimwambia baba yake kwamba treni haiko tayari. "Nilijua," alisema mzee, akaenda kuvua koti lake la Misa. Floribert alimpigia Abigaïl simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, akaandika kwamba anaomba msamaha, akaandika kwamba ni mjinga. Abigaïl aliyasoma yote na kuigeuza simu uso chini. Lililomuuma halikuwa kelele. Aliogopa kwamba Floribert amesema kweli, kwamba yeye anajua kufunika tu. Na jioni Mama Hortense alipouliza swali lake, alijibu, "Batakuya, Mama," bila kuamini neno lake mwenyewe.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Kisha asubuhi moja, akienda kumpamba mteja nyumbani kwake, sanduku la poda na brashi mkononi, alikuta watu wamesimama kwenye njia ya reli. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita pale, ndefu, kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Maisha yake yote Abigaïl alikuwa akizingoja treni zipite. Leo, kwa mara ya kwanza, aliitazama.

Kutu haikuwa imekaa ovyo. Ilianzia kwenye misumari na kushuka chini kwa michirizi, kama wanja wa bibi harusi aliyelia. Vumbi lilikuwa zito huku chini, likipungua kadiri linavyopanda. Penye milango palikuwa na kijani cha mawe ya shaba. Kila doa lilikuwa na sababu yake. Jua na mvua, akawaza, na hapo hapo akakumbuka meza ya sokoni na kopo la rangi ya matofali.

Akatoa simu. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Abigaïl! Chérie, nilisema mubaya, nilikuwa..."

"Nyamaza mbele. Ule muzee wa jua na mvua, njo treni?"

"Njo yeye."

"Na hukuniambia masiku yote ile! Mujinga weye."

"Njo miye."

"Sura hailiwake na jua pote sawasawa, unajua ile? Miye njo kazi yangu kila siku. Kabla ya kufunika, ninaangalia kwanza fasi, pahali yenye imechoka."

"Ninajua sasa. Nilikukosea, mupenzi. Ile maneno inaniuma kuliko wagon."

"Ikuume kidogo tena," akasema Abigaïl, lakini sauti ilikuwa imeshalainika. "Nikitoka kwa mteja ninakuya. Usiguse kintu."

Alifika na sanduku lake. Floribert alikuwa amelaza kipande cha nyuzi za chuma cha kusugulia sufuria ndani ya siki, na siki ilikuwa imegeuka maji ya kutu. Alimwonyesha jinsi ya kusugua chaki kwenye msasa ikawa unga, jinsi ya kuchuja udongo wa barabarani kwa soksi ya nailoni, jinsi ya kuzimua rangi nyeusi kwa maji mengi, kuipitisha juu ya behewa na kuifuta upesi, ili ibaki kwenye pembe tu. Vyote hivyo vilipatikana uani au jikoni, isipokuwa poda.

"Unapaka mingi," Abigaïl alisema, akamnyang'anya brashi. "Gonga brashi kwanza. Sasa shusha, toka juu, mpaka chini. Mvua haipandake."

"Ndiyo, madame."

"Usiniite madame. Bado."

Walifanya kazi bega kwa bega, pua zao nyekundu kwa poda. Maji ya mwisho yalipokuwa yakikauka, Abigaïl alikaa akayatazama mabehewa kwa muda mrefu, kisha akachukua pamba, akailowesha kidogo.

"Unaenda kufanya nini?" Floribert akauliza kwa hofu.

"Kufuta."

"Tena?"

"Tena. Hapa tu, kwenye bichuma bya kushikia." Akafuta vile vyuma vidogo vya kupandia, kimoja kimoja, bati likatokea likimeta. "Uniachie."

Floribert alimwachia. Ndipo akachukua laque na kuipuliza juu ya treni yote, na chumba kikanukia saluni.

Jumapili iliyofuata Papa Casimir, baada ya kuombwa tena, alitoka Misa na koti lake, akaingia chumba cha nyuma bila kuketi. Abigaïl alipiga goti kidogo. "Jambo, Papa." "Jambo sana, mama." Mzee akainama juu ya meza. Alipitisha kidole kwenye ubavu wa behewa la kwanza, halafu, bila kufikiri, akakifuta kidole kwenye suruali yake ya Misa. Kidole kilikuwa safi, hakikushika vumbi lolote. Floribert alimbana Abigaïl mkono hadi ukamuuma.

Mzee akagonga gurudumu kwa ukucha, akatega sikio. Akagonga la pili. Kisha akafika kwenye kile chuma cha kupandia, akasimama hapo.

"Nani alifuta hapa?"

Abigaïl angeweza kunyamaza, na Floribert alikuwa ameshafungua kinywa amtetee.

"Ni miye, Papa."

"Ulijua namna gani?"

"Kwa mulango ya salon yangu, Papa. Fasi yenye bantu banashikaka kila siku, haichafukake. Inaangaa."

Papa Casimir akafungua kiganja chake, kikavu, cha mistari mirefu, akakitazama kana kwamba amekisahau huko nyuma. "Hapa njo tulikuwa tunashika," akasema. "Kila siku ya Mungu. Mukono yangu iko hapa." Alivuta kitambaa, akapenga kamasi kwa nguvu, akamgeukia Abigaïl.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Mujini, Papa, nyuma ya poste."

"Umwambie mama yako, Jumapili yenye inakuya asiende mbali. Tutafika kumusalimia." Kisha kwa mwanawe, kwa ukali wa uongo: "Na weye, bakiniuliza unafanyaka nini, nitabeba ile wagon nibaonyeshe."

Akatoka kwenda zake ndani. Walisikia akiguna peke yake, na huenda alikuwa akicheka. Floribert alimkumbatia Abigaïl akamwinua juu, naye akapiga kelele kwamba gauni linachafuka, akamshika mashavu, akambusu.

"Sasa nikuite madame?"

"Jumapili, baada ya Papa kusema." Akamrudisha nyuma kidogo, akamkagua kuanzia kola. "Na hii shati yenye poudre yote, njo utavaa kwetu?"

"Iko na historia."

"Historia itabakia kwa treni. Vua niifue."

Floribert akaivua bila kubisha, akaenda mwenyewe kumjazia beseni.