Tundu Chini ya Mbavu za Mmanga

Dada yangu Asma si mtu wa kuzua maneno. Ana miaka kumi na minne kwenye gari la wagonjwa, huku kwetu kaskazini mwa Pemba. Majeraha ya risasi aliyoyaona ni machache, lakini yalimfunza. Mmoja alipigwa kichwani akaja kituoni kwa miguu yake, anauliza foleni ya dawa iko wapi. Mwengine alipigwa pajani, tundu dogo tu, akafa bandeji haijafungwa. "Risasi ikishaingia," huniambia, "haina adabu."

Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, alikuwa anakunywa chai na Rajab, dereva wao, simu ikaita. Mtu kapigwa risasi shambani, Shumba Viamboni.

Waliwakuta wawili. Nyange, mwenye shamba, kachuchumaa, bunduki yake ya kibali kaitupa mbali. Jirani yake, Mmanga, kakaa kwenye matuta ya muhogo, katulia, shati wazi.

"Bi Asma, wallahi mie n'mepiga nguruwe," Nyange alilia. "Kakimbia, n'kafuata damu. N'kamkuta huyu."

Midomo ya Mmanga ilikuwa na udongo.

Tundu lilikuwa chini ya mbavu, la kuingia ncha ya kidole. Halikutoa damu. Lilitoa mafuta mazito ya manjano, na harufu ya zizi lililooza kwa mkojo. Rajab aligeuka akatapika chai yote.

Asma alivaa glavu, akaanza kulijaza tundu kwa shashi ili alizibe. Roli moja ikaingia. Ya pili ikaingia. Hakuwa anasukuma tena. Shashi ilikuwa inavutwa.

Akasikia kutafuna.

Sauti haikutoka mdomoni.

Mmanga akamwinamia sikioni. "Tia nyengine," alinong'ona. "Bado sijashiba."

Asma akachomoa mkono. Kidole cha shahada kikakataa. Kitu laini, cha moto, kilikuwa kinakinyonya. Kilikuwa na ulimi. Alivuta kwa nguvu zote, kikatoka na mlio kama wa busu. Ncha ya glavu haikuwepo.

Walimfikisha hospitali. Madaktari wakampasua, wakatafuta. Hapakuwa na risasi. Hapakuwa na shashi. Utumbo mzima, msafi. Siku ya tano Mmanga alirudi kwake, kanenepa.

Nyange, ambaye hakuguswa hata na mwiba, aliacha kula. Kila tonge alilomeza lilirudi mafuta ya manjano. Siku ya kumi na mbili tulimzika. Jeneza lilikuwa jepesi hata sisi wabebaji tukatazamana.

Asma alisomewa Kurani, akanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, akaona yamekwisha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kutengeneza kitambulisho kipya. Akaweka kidole cha shahada kwenye kioo cha mashine. Ikakataa. Karani, binti aitwaye Safaa, akafuta kioo, akamwambia arudie. Ikakataa tena.

Safaa akakishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na mistari. Ngozi ilikuwa nyororo, nyekundu, kama ya ndani ya shavu.

Akakiachia ghafla, akajipangusa mkono kwenye baibui.

"Bi Asma," alinong'ona, "mbona kinatoa mate?"