Chumba Alichokifunga Mama Povu

Ndugu zangu, nawasimulia habari za nyumba moja, lakini kila mmoja wenu asikilize huku akiukagua mlango wake mwenyewe.

Kijiji chenyewe kiko kule barabara inakokata tamaa. Machimbo ya mawe yalipofungwa, wanaume waliondoka mmoja mmoja, kisha wake zao wakawafuata, na mwisho hata mwalimu akaaga. Nyumba zikabaki na kufuli. Alizeti ilinyaukia shambani kwa kukosa mnunuzi. Ndipo aliporudi mwanamke mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha sabuni mjini. Alifagia ghala la zamani la machimbo, akawakusanya wanawake waliobaki, akawaambia, "Mbegu zenu hazina mnunuzi na nguo zenu hazina sabuni. Haya matatizo mawili tuyafungishe ndoa."

Walicheka, wakakamua mafuta, wakamwita Mama Povu. Ilipita miaka mitatu tu, na kila Alhamisi lori la hospitali kubwa likawa linapanda mlima kuchukua sabuni. Kufuli zikaanza kufunguliwa. Mwalimu akarudi, tena na mke.

Basi mtazameni Mama Povu asubuhi moja ndani ya ghala lake. Wanawake wanakata sabuni kwa waya, miche inapangwa juu ya mbao ikauke. Binti yake wa miaka kumi na tisa, kitindamimba, anapiga muhuri, kila mche mara moja, ulimi nje kwa umakini. Wifi yake, mjane mwenye mdomo usiolala, anaunusa mche na kusema, "Hii sabuni ingekuwa mwanamume, ningeolewa tena leo hii." Ghala zima linaangua kicheko.

Lakini nyuma ya ghala kulikuwa na chumba kidogo chenye kufuli, na humo hakuingia mtu ila Mama Povu. Humo alichanganya maji na kostiki, ule unga mweupe unaokula ngozi, ambao bila huo mafuta hayawi sabuni. Alijifungia, akatoka na ndoo, akaimimina kwenye pipa la mafuta. Nini kilitangulia, kiasi gani, kwa nini, alijua yeye na Mungu wake.

"Wifi, tufundishe na sisi," mjane alimwambia siku hiyo. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiugua je?"

"Nikiugua mtangoja nipone."

"Na ukifa?"

"Mtaniosha kwa sabuni iliyobaki, mnizike. Ile ni sumu, wifi. Nawakinga."

Walicheka tena. Na alilosema lilikuwa kweli, ila ni nusu yake. Nusu nyingine ni hii: mwaka ule wa njaa mumewe alipomkimbia, hakuna aliyebisha hodi kwake hata kumpa pole. Sasa alikuwa akisalimiwa wa kwanza kisimani. Kila alipokifunga kile chumba alijiuliza, wakishajua wote, mimi nitabaki nani? Msimcheke. Mafundi wangapi mnawajua wanaowageuzia mgongo wanafunzi wao wanapofika kwenye kazi yenyewe?

Ikaja barua kutoka mjini. Mama Povu ametakiwa kwenda kutuzwa mbele ya wakubwa kwa kufufua kijiji. Wanawake wakapiga vigelegele, mcheza kwao hutunzwa. Aliondoka Jumatatu, arudi Jumatano. Jumanne usiku mvua ikabeba daraja.

Jumatano alasiri alipiga simu akiwa ng'ambo ya mto, cheti chake kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, mafuta tumeshakamua, pipa limejaa," binti alisema. "Hospitali wametuma ujumbe, wanataka kesho waione kazi inaendelea, la sivyo watatafuta wengine. Nielekeze tu kwa simu. Nitachanganya mimi, taratibu."

Mama Povu aliyatazama maji mekundu ya mto. Maneno yalikuwa mdomoni. Yalikuwa machache, yangetosha hata kwenye simu iliyokuwa ikikatika. Akayameza.

"Usiguse. Hospitali watanisubiri mimi."

"Lakini mama..."

"Nimesema usiguse! Wewe unajua nini?"

Akakata.

Binti hakuwa mkaidi. Mtoto mkaidi angekwenda kulala. Huyu alikuwa mtoto anayemwonea mama yake uchungu, na hakutaka lori lipande mlima likute watu wamekaa kama msibani. Alhamisi asubuhi alichukua ufunguo wa akiba chini ya mtungi, akafungua kile chumba. Hakuwahi kuona kinachofanyika humo, kwa hiyo alifanya alivyofundishwa na mama yake jikoni tangu ana miaka saba, kukanda unga. Alimwaga kostiki ndani ya ndoo. Kisha akainama, akamimina maji juu yake.

Ndoo ilichemka na kulipuka. Ikamrukia usoni, macho yakiwa wazi.

Wifi alifika wa kwanza akifuata ukelele. Alijua jambo moja tu kuhusu kuungua, kwamba hupakwa mafuta, akampaka mafuta. Pembeni ya mlango palikuwa na pipa la maji, limejaa mpaka ukingoni. Angemmwagia maji yale bila kukoma, nusu saa, saa nzima, huenda jicho hata moja lingepona. Mama Povu alilijua hilo. Ndiyo sababu aliliweka pipa pale. Ila hakumwambia mtu.

Ijumaa alivuka mto kwa kamba. Alimkuta binti kwenye zahanati, kitanda cha dirishani, bendeji kuanzia paji la uso hadi puani.

"Mama?"

"Ndimi, mwanangu."

"Nilitanguliza unga, nikaongeza maji. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Mama Povu alikaa chini sakafuni, cheti kikiwa bado kwapani. Ilibidi aseme, na alisema: "Hii ni tofauti, mama. Hii maji ndiyo yanatangulia. Unga unafuata, kidogo kidogo."

"Ndiyo hayo tu?" binti aliuliza.

"Ndiyo hayo tu."

Macho hayakurudi. Lori nalo halikurudi. Wanawake waliogopa hata kupita karibu na ghala, na si wa kulaumiwa, maana walichokuwa wanakiogopa hawakuwahi kuelezwa. Msimu uliofuata kufuli zikarudi milangoni. Mwalimu alipakia godoro lake tena. Wifi alihamia kwa mwanawe, na siku ya kuondoka hakutania.

Mama Povu aliung'oa mlango wa kile chumba kwa mikono yake. Juu ya ukuta wa ghala, upande wa barabara, aliandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama ndoo: MAJI KWANZA. UNGA BAADAYE. UKIUNGUA, MAJI, MAJI, MAJI. Sasa yuko tayari kumfundisha yeyote, bure, siku yoyote. Hukaa kibarazani tangu asubuhi akingoja wanafunzi, binti yake kando yake. Mpita njia akipita, binti husikia hatua zake na kuuliza, "Anasoma?"

"Anasoma," mama hujibu.

Siku nyingi hakuna anayesimama hata kuutazama ukuta. Hujibu hivyo hivyo.

FUNZO

Ndugu zangu, kazi inayofufua kijiji haiwezi kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Siku atakayozuiwa na mto, au homa, au kifo, kijiji kitazuiwa naye. Mama Povu hakuwa mwizi, na alikipenda kijiji chake. Alichokosa ni kuamini kwamba angependwa hata wengine wakijua anachojua. Majuto ni mjukuu, na wake ni yule binti anayemshika mkono kila siku kumpeleka chooni.

Wewe fundi, wewe mkunga, wewe mama wa jikoni, una jambo ambalo asiyelijua litamwumiza. Mwite leo anayekufuata. Mwonyeshe mikono yako inavyofanya, na umwache aulize maswali yake yote.